Kufanya kazi ugenini bila kuangusha ahadi za nyumbani: mwongozo kamili

Mshahara wa kwanza wa ugenini huchelewa. Unafika katikati ya mwezi na kukuta wahasibu wamekwisha kufunga orodha ya malipo. Akaunti ya benki haifunguliwi mpaka uwe na kibali cha ukaazi, kibali hakitoki mpaka uwe na anwani, na anwani haipatikani mpaka uweke pango la miezi kadhaa mezani. Wiki sita hupita hivyo bila mtu yeyote kukukosea. Huko nyumbani tarehe ya marejesho ya mkopo haikusubiri, ada ya shule haikusubiri, na mdhamini wako ameanza kupigiwa simu.

Niliondoka mara ya kwanza nikiamini kwamba mshahara ukiwa mkubwa, mambo yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga. Kwa miezi minane nilipokea fedha ambazo sikuwahi kuzipokea maishani, na bado nilichelewa kulipa kila kitu, kwa sababu kila senti iliyoingia ilikuwa na mwenyewe kabla haijafika. Kupunguza matumizi hakukunisaidia sana. Kilichonitoa ni kubadilisha mpangilio wa siku: ahadi za nyumbani za mwezi huu nikaanza kuzilipa kwa mshahara wa mwezi uliopita. Karibu kila hatua iliyomo humu inaelekea huko, au inalinda hali hiyo ukishaifikia.

Hatua ya 1: Andika kila unachodaiwa, hata kile ulichokubali kwa mdomo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na madeni ni hivyo hivyo. Kabla ya kufunga sanduku, chukua daftari au jedwali la kompyuta uandike: nani analipwa, kiasi gani, kwa sarafu gani, tarehe ipi, nini hutokea ukichelewa, na nani ataumia kabla yako. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuongoza siku fedha zitakapopungua. Mkopo wenye mdhamini unamuumiza mdhamini. Rehani inaiumiza nyumba yenye watoto ndani. Deni la simu linakuumiza wewe tu.

Anza na yale ya kisheria: mkopo wa benki, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, bima, kodi ya ardhi au jengo, michango ya hifadhi ya jamii. Kisha ya familia: matumizi ya wazazi, ada, matibabu ya mara kwa mara, mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Yanayolipwa mara moja kwa mwaka yagawe kwa 12, uyaweke kama malipo ya kila mwezi. Bima ya mwaka ikikudondokea mwezi wa tisa ilhali huna fungu lake, itakula ada ya mtoto.

Halafu kuna ahadi za mdomo, na hapa nakuomba ukae kitako. Siku za kuaga mtu hukubali mengi. Mmoja anaomba umsaidie mtaji “ukishatulia”, mwingine anauliza kuhusu paa, mwingine chuo cha mdogo wake, na wewe, kwa furaha na hatia ya kuondoka, unaitikia yote. Kwako lilikuwa neno la heri. Kwa aliyelisikia ni ahadi, na ameanza kuhesabu siku. Yaandike yote. Kisha, kabla hujaondoka, rudi kwa kila mmoja umwambie wazi: hili nitalifanya, kwa kiasi hiki, kuanzia mwezi fulani, lile sitaliweza mwaka huu. Ni mazungumzo magumu, lakini kuyafanya ana kwa ana ni rahisi kuliko kuyafanya kwa simu usiku wa manane baada ya zamu.

Hatua ya 2: Kaa na wadai kabla ya kupanda ndege

Mtego unaowanasa wengi ni mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Ukiacha kazi ya nyumbani, makato hayo yanasimama, lakini mkopo hausimami. Mikopo mingi ya aina hiyo ina kifungu kinachosema ajira ikikoma deni lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo, au riba nafuu ya mwajiriwa inageuka kuwa riba ya kawaida. Soma mkataba wako. Usipouelewa, nenda kwa ofisa wa mikopo umwulize maswali manne: marejesho yatalipwaje nikiwa nje? Riba itabadilika? Bima ya mkopo itaendelea kunilinda nikifa au nikilemaa nchi nyingine? Naweza kupata miezi miwili au mitatu ya nafuu mwanzoni?

Swali la mwisho watu hulionea aibu. Lakini mkopeshaji huona afadhali kupanga upya ratiba na mtu aliyekuja mwenyewe akiwa na mkataba wa kazi mkononi, kuliko kumtafuta mtu aliyekwisha kuvuka mipaka. Makubaliano yoyote mtakayofikia, yadai kwa maandishi yenye jina na saini. Ofisa uliyezungumza naye anaweza kuhamishwa wiki inayofuata.

Kama una nyumba yenye rehani na unataka kuipangisha, uliza kama mkataba unaruhusu bila idhini. Kama itabaki tupu, soma bima yake: bima nyingi huweka kikomo cha siku ambazo nyumba inaweza kukaa bila mtu, mara nyingi 30 au 60, kisha baadhi ya kinga zinaondoka. Ukiipangisha, usihesabu kodi ya miezi 12 kwa mwaka. Hesabu 10, kwa kuwa wapangaji huhama na mabomba hupasuka.

Waone pia wadhamini wako. Waonyeshe ratiba ya malipo, uwaambie watamtafuta nani tatizo likitokea. Mdhamini anayejua mpango hatashtuka akipokea ujumbe wa kukumbushwa, na hatakwenda kuwasimulia jamaa wote kwamba umetoroka deni.

Hatua ya 3: Pima kitakachobaki mkononi

Mkataba hutaja mshahara ghafi. Toa humo kodi ya mapato, hifadhi ya jamii, bima ya afya, pango, umeme, nauli, chakula na simu. Makadirio hayo yatafute kwa watu wanaofanya kazi kama yako katika mji uleule. Anayekupeleka huko hana sababu ya kukutajia gharama kubwa. Kama mwajiri anasema atatoa makazi na tiketi, tafuta kifungu chenyewe ndani ya mkataba. Kisichoandikwa kitageuka makato.

Kipimo changu ni hiki: kitakachobaki baada ya wewe kuishi kama binadamu, ahadi za nyumbani zisile zaidi ya theluthi mbili zake. Theluthi inayosalia ni ya akiba ya dharura na ya maisha yako ya baadaye. Kama ahadi zinakula kila kitu, kazi hiyo haibebi mzigo wako hata kama inalipa mara tatu ya ile ya nyumbani, na ni heri kulijua hilo ukiwa bado kwenu, ambako bado unaweza kuuza kitu, kupunguza mkopo, au kukataa safari.

Ada ya wakala nayo ihesabu kama deni. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, ila kwa visa maalumu ambavyo serikali itaviruhusu. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu na ya uendako. Ukikopa ili kumlipa wakala, mkopo huo huanza kula mshahara wako kabla ya rehani, kabla ya ada, kabla ya mama. Watu wengi waliokwama ugenini walikwama hapo, wakashindwa kuacha kazi mbaya kwa kuwa walikuwa bado wanalipia tiketi ya kuifikia.

Na pasipoti yako ikae kwako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 2003, unakataza mtu asiye ofisa wa serikali aliyepewa mamlaka ya kisheria kuchukua hati za utambulisho za mfanyakazi. Mkataba huohuo unatambua haki ya kutuma mapato na akiba yako nyumbani. Nchi nyingi tajiri zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia, lakini nyingine zina sheria zao zinazosema jambo hilohilo.

Hatua ya 4: Tanguliza mwezi mmoja

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Lengo lako la kwanza ukiwa ugenini, kabla ya kiwanja, kabla ya zawadi, kabla hata ya godoro zuri, ni kuwa na jumla ya ahadi za mwezi mmoja imelala kwenye akaunti yako ya nyumbani kabla mwezi huo haujaanza. Ukifika hapo, mshahara wa Machi unalipa ahadi za Aprili. Mshahara ukichelewa siku kumi, hakuna anayejua isipokuwa wewe. Fedha ikikwama njiani, mkopo hauchelewi. Benki ya ugenini ikifunga kwa sikukuu ambayo hujawahi kuisikia, ada imekwisha lipwa.

Jinsi ya kufika huko inategemea ulivyoanza. Mwenye akiba aondoke akiwa ameacha ahadi za miezi mitatu kwenye akaunti ya nyumbani: miwili ya kusubiri mshahara wa kwanza, mmoja wa kubaki pale daima. Asiye nayo ajaribu nafuu ile ya mkopeshaji, auze kitu kisichotumika, au achelewe kuondoka kwa mwezi mmoja. Usikope mkopo wa haraka wa riba kubwa kujaza pengo hili, maana utakuwa umeongeza ahadi nyingine kwenye orodha ileile unayohangaika kuilipa.

Kama tayari uko ugenini na unaishi kwa kukimbizana na tarehe, tenga sehemu ya kumi ya kiasi unachotuma kila mwezi, uiache kwenye akaunti ya nyumbani bila kuigusa. Baada ya miezi kumi utakuwa na mwezi mzima. Marupurupu ya muda wa ziada na bakshishi ya mwisho wa mwaka yatafupisha safari. Mimi ilinichukua miezi saba, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nililala tarehe 28 bila kuamka kuangalia simu.

Hatua ya 5: Acha nyumbani laini, karatasi na mtu

Laini ya simu ndiyo funguo ya akaunti yako. Benki hutuma namba za siri za mara moja kwenye laini uliyojisajili nayo. Ukiondoka laini ikafa, huwezi kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Mbaya zaidi, laini isipotumika kwa muda mrefu kampuni huifunga, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kabla ya kusafiri, iwezeshe kupokea ujumbe ukiwa nje ya nchi, uijaribu, uiongezee salio kila baada ya muda, na uiulize benki kama ina programu ya simu inayothibitisha miamala bila ujumbe mfupi. Usimwachie mtu laini hiyo. Ukimwachia laini umemwachia akaunti.

Fungua akaunti mbili nyumbani. Ya kwanza hupokea fedha kutoka nje na kuhifadhi ule mwezi mmoja wa mbele. Ya pili hulipa. Weka agizo la kudumu litoe marejesho, bima na michango siku mbili tatu kabla ya tarehe yake. Malipo yanayojilipa hayahitaji kukumbukwa na mtu aliyetoka zamu ya usiku. Agizo lenyewe lina kasoro moja: likikuta salio halitoshi, benki nyingi hutoza faini na malipo hayaendi. Ndiyo maana fedha lazima zitangulie.

Kisha hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kisheria ya kukutendea jambo. Iandikwe na wakili, na iwe finyu: kusaini mkataba wa upangaji wa nyumba fulani, kulipa kodi ya kiwanja fulani, kwa muda wa miaka miwili. Hati pana inayosema “mambo yangu yote” imewapotezea watu nyumba. Kama utahitaji kuisaini ukiwa nje, jua kwamba nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 hukubaliana hati za umma kwa cheti kimoja kiitwacho apostile. Nchi ikiwa nje ya mkataba huo, hati hupitia wizara na ubalozi, na hapo wiki zinakwenda.

Mtu wa kukuwakilisha asichaguliwe kwa mapenzi. Chagua anayetunza risiti zake mwenyewe. Mpe posho ndogo ya kazi hiyo, kwa kuwa nauli yake, foleni zake na siku zake zina thamani, na anayelipwa kidogo kwa uwazi hana sababu ya kujilipa kimya kimya.

Hatua ya 6: Tuma fedha kwa hesabu

Gharama ya kutuma ina sehemu mbili, na moja hufichwa. Ya wazi ni ada. Ya kufichwa ni tofauti kati ya kiwango cha soko cha kubadilishia sarafu na kiwango unachopewa wewe.

Chukua mfano. Soko linasema 1 ya sarafu ya ugenini ni sawa na 150 za nyumbani, na unatuma 1,000. Kampuni ya kwanza inatangaza “ada sifuri” na kukupa kiwango cha 144. Zitafika 144,000. Ya pili inatoza ada ya 15 na kukupa 149.5. Zitafika 147,257. Ile ya bure imekugharimu asilimia 4. Ya pili haijafika asilimia 2. Kwa hiyo uliza swali moja tu: nikitoa kiasi hiki mfukoni leo, zitafika ngapi huko? Linganisha angalau njia tatu, na urudie kila baada ya miezi michache, kwa sababu bei hubadilika na mazoea hugharimu.

Benki ya Dunia hufuatilia gharama za kutuma dola 200 kati ya nchi na nchi, na kwa miaka ya karibuni wastani umekuwa zaidi ya asilimia 6. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yanataka gharama hizo zishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Katika takwimu hizo benki kwa wastani ndizo ghali kuliko zote, na njia za kidijitali ni nafuu kuliko kupeleka noti dirishani. Ada nyingi huwa na kima cha chini, kwa hiyo kutuma mara nne kwa mwezi kwa vipande huliwa zaidi kuliko kutuma mara moja.

Ukitumia benki, jua kwamba mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao Ubelgiji, hubeba maagizo ya malipo tu. Fedha zenyewe hupita kwenye benki za kati, na kila moja inaweza kujikatia. Hapo ndipo marejesho yanapofika pungufu kidogo, mkopeshaji anaandika “hayajakamilika”, na faini inaanza. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani abebe makato: OUR ni mtumaji, BEN ni mpokeaji, SHA ni kugawana. Kwa malipo yenye kiasi kamili, chagua OUR. Au fanya kama ninavyofanya: tuma kwenye akaunti yako mwenyewe ya nyumbani, na kutoka huko agizo la kudumu lilipe kiasi kamili.

Hakiki namba za akaunti herufi kwa herufi. Msimbo wa SWIFT wa benki una herufi na tarakimu 8 au 11. Namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa kwa nchi zinazoitumia, haizidi herufi na tarakimu 34. Jina la mpokeaji liwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho. Tuma siku tano za kazi kabla ya tarehe unayoihitaji, ukikumbuka kwamba mwishoni mwa juma si siku zilezile kila nchi.

Njia za kienyeji za kuaminiana, kama hawala, ni za haraka na mara nyingi nafuu, na zimewafikisha wengi mahali benki hazipo. Lakini katika nchi nyingi asiye na leseni anavunja sheria, na wewe unabaki bila karatasi. Siku utakaponunua nyumba au kulipa mkopo kwa mkupuo, benki itauliza fedha zilitoka wapi. Kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha zinazosimamiwa na FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989, ndizo zinazoilazimu kuuliza. Tunza hati za mshahara na risiti za kutuma, zote. Na mtu akikuomba “apitishie” fedha zake kwenye akaunti yako kwa kamisheni ndogo, kataa. Ndivyo wahalifu wanavyowatumia wageni, na anayekamatwa ni mwenye akaunti.

Kuhusu kupanda na kushuka kwa sarafu, sina subira na ushauri wa kusubiri kiwango kizuri. Tuma tarehe ileile, kiasi kilekile kwa sarafu ya nyumbani. Sarafu ya nyumbani ikidhoofika na ukabaki na ziada, ziada hiyo iende kwenye akiba. Usiigeuze kuwa ahadi mpya, kwa sababu kiwango kikirudi ahadi haitarudi nacho.

Hatua ya 7: Kodi na uzeeni

Nchi nyingi hukuhesabu kuwa mkaazi wa kikodi ukikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Hiyo haimaanishi nyumbani wamekusahau: kodi ya mapato unayopata kwa kupangisha nyumba yako bado inatozwa kule nyumba iliko, na baadhi ya nchi, Marekani na Eritrea zikiwa mifano inayojulikana, huwatoza raia wao popote walipo. Angalia kama nchi zako mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, uombe cheti cha ukaazi wa kikodi, na uiarifu mamlaka ya nyumbani kwamba umehama. Kukaa kimya huzaa makadirio, na makadirio huzaa faini.

Hifadhi ya jamii ni hivyohivyo. Kama kuna makubaliano kati ya nchi hizo mbili, miaka yako ya huku na huko inaweza kujumlishwa. Kama hayapo, uliza kama mfuko wa nyumbani unakubali uchangiaji wa hiari, na uuweke kwenye daftari la madeni kama mkopo mwingine wowote. Miaka mitano ya pengo huonekana kwenye pensheni.

Hatua ya 8: Familia ijue hesabu

Wanaobaki nyumbani huona fedha zinazofika. Hawaoni pango, baridi wala zamu. Waonyeshe. Siongelei kuwaonyesha mshahara, ila mpango: kila mwezi, tarehe fulani, kiasi fulani, kwa ajili ya haya. Ada ilipwe kwenye akaunti ya shule, dawa kwenye duka la dawa, kila inapowezekana. Hilo hulinda fedha na hulinda undugu, maana anayepokea fedha za ada mkononi huku mtoto mwingine ni mgonjwa umempa mtihani usiokuwa wake.

Tenga fungu dogo la dharura za nyumbani, lenye kikomo cha mwaka, na watu wawili wenye kauli juu yake. Ombi likija, linakwenda kwao. Wanaoishi pale wanajua dharura ipi ni dharura, na wewe hutakuwa tena hakimu wa kila simu. Fungu likiisha, limeisha mpaka mwaka ujao, na kila mtu alijua kiasi chake tangu mwanzo.

Ukijenga ukiwa mbali, lipa kwa hatua iliyokwisha kuonekana: msingi ukamilike, fundi mwingine asiyehusika aukague, ndipo fedha za kuta ziende. Vifaa vilipwe kwa muuzaji. Na ujenzi usiguse ule mwezi mmoja wa mbele, hata kama bati limeshuka bei.

Wekeni pia neno la siri la familia. Sauti ya mtu sasa huigizwa kwa kompyuta, na wezi hupiga simu wakilia kwa sauti ya mwanao. Asiyelijua neno hapati fedha.

Hatua ya 9: Mshahara ukikatika

Kampuni hufungwa, mwili huugua, kibali huisha. Siku hiyo fungua daftari lako kwenye safu ya mwisho, ya nani ataumia. Linda kwanza paa linalowafunika watu, kisha mkopo wenye wadhamini, kisha masomo na dawa; mengine yasubiri. Waandikie wadai wiki hiyohiyo, kabla ya tarehe ya kwanza kukosa, ukieleza kilichotokea, unachoweza kulipa sasa na lini utawapa taarifa tena. Dawa ya deni kulipa, lakini kulipa nusu kwa makubaliano hukuacha na jina. Kimya hakikuachii kitu.

Soma kibali chako mapema: kama kimefungwa kwa mwajiri mmoja, ujue una siku ngapi za kupata mwingine. Dai mshahara uliobaki, likizo isiyotumika na kiinua mgongo kwa maandishi kabla hujaondoka nchini, kwa kuwa kudai ukiwa mbali ni kazi ya miaka.

Kuna jambo moja zaidi hapa ambalo watu hawapendi kulitaja. Nunua bima inayogharamia matibabu makubwa na kusafirisha mwili. Bila hiyo, kifo ugenini huwaachia waliobaki mchango wa kukopa juu ya madeni uliyoyaacha. Andika mrithi kwenye kila akaunti, na mwache mtu mmoja akijua daftari lako liko wapi.

Unapokaribia kurudi

Miezi sita kabla, acha kuongeza ahadi yoyote. Jaza akaunti ya nyumbani ifike miezi sita ya malipo, kwa sababu kazi ya nyumbani nayo huchelewa kupatikana na mshahara wake wa kwanza nao huchelewa. Omba barua ya kazi, hati za mshahara za mwaka mzima na taarifa ya michango yako ya hifadhi ya jamii, zote zikiwa na muhuri. Akaunti ya ugenini usiifunge siku ya kuondoka. Iache wazi kwa miezi mitatu au minne, maana marejesho ya kodi, amana ya nyumba uliyopanga na malipo ya mwisho ya mwajiri huja baada ya ndege kuondoka, na huja kwenye akaunti hiyo tu.